Mwembamba naye anaweza kukatika pumzi usingizini



Leo tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo watu wengi huliona usiku, lakini asubuhi hawalisemi. Mtu amelala. Anakoroma kwa nguvu, kisha ghafla ananyamaza. Kifua kinapanda na kushuka, lakini hewa haipiti. Wanaolala naye chumba kimoja wanangoja, wakihesabu kimoyomoyo. Halafu anashtuka, anavuta pumzi kwa kishindo kama mtu aliyeibuka kutoka majini, na kukoroma kunaanza tena. Asubuhi yeye mwenyewe hakumbuki kitu. Anajua tu kwamba ameamka amechoka, kinywa kimekauka na kichwa kinamuuma.

Madaktari wanaita hali hiyo apnea ya usingizi, yaani kukatika kwa pumzi wakati mtu amelala. Wengi wetu tumezoea kufikiri kwamba ni ugonjwa wa watu wanene wenye umri mkubwa. Ni kweli kwamba unene ni sababu moja kubwa. Lakini kuna watu wengine wanaopatwa na shida hii wakiwa wembamba na vijana, wanaume kwa wanawake. Ni wale waliozaliwa na udhaifu wa nyuzi zinazoushika mwili, ugonjwa unaorithiwa katika jamaa. Hao maswali ya kawaida ya uchunguzi huwapita kando, nao huendelea kuambiwa kwamba ni wavivu, au wana mawazo mengi, au wamerogwa.

Tunaandika ili jambo hilo lijulikane katika nyumba zetu. Hatuandiki ili kila anayekoroma aingie hofu. Tunataka jamaa zenye ugonjwa huu zijue swali la kuuliza, na zilipeleke kwa daktari mapema.

Nyuzi zinazoushika mwili

Fikirini nyumba ya miti na udongo. Miti inasimama na udongo unaziba, lakini kinachoshikanisha miti ni kamba. Kamba zikiwa dhaifu nyumba haianguki siku hiyo hiyo, ila ukuta unaanza kuyumba na mlango haufungi tena vizuri. Mwili nao una kamba zake. Ni nyuzi nyembamba zilizomo katika ngozi, viungo, mishipa ya damu, mapafu, macho na koo. Wataalamu wanaziita tishu unganishi. Nyingine zimetengenezwa kwa kolajeni, ambayo inatoa nguvu. Nyingine zina fibrilini, ambayo inasaidia mwili kunyumbuka na kurudi mahali pake.

Kuna watu ambao tangu tumboni mwa mama nyuzi hizo hazikutengenezwa sawasawa. Magonjwa ya namna hiyo ni mengi. Tutataja mawili yanayojulikana zaidi.

La kwanza ni ugonjwa wa Marfan. Mwaka 1896 daktari Antoine Marfan wa Paris alieleza habari za msichana wa miaka 5 aliyekuwa na mikono, miguu na vidole virefu kupita kawaida. Mwaka 1991 watafiti walitambua jeni yenye kasoro, ile inayoongoza utengenezaji wa fibrilini. Ugonjwa huu unakadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 5,000 hivi. Maana yake, katika mji wenye watu milioni moja tungetazamia watu kama 200. Mzazi mwenye ugonjwa anaweza kumrithisha mtoto, na kwa kila mimba nafasi ni nusu kwa nusu. Lakini karibu robo ya wagonjwa ni wa kwanza katika jamaa yao, bila mzazi aliyekuwa nao.

La pili ni ugonjwa wa Ehlers-Danlos, ulioitwa kwa majina ya madaktari wawili, Edvard Ehlers wa Denmark aliyeueleza mwaka 1901, na Henri-Alexandre Danlos wa Ufaransa aliyeueleza mwaka 1908. Mwaka 2017 wataalamu waliupanga katika aina 13. Katika aina nyingi viungo vinalegea na kuteguka kwa urahisi. Mara nyingi ngozi ni laini na inavutika, mwili unavilia damu kwa kugongwa kidogo, na kidonda kikipona kinaacha kovu jembamba kama karatasi.

Dalili za kutazama, bila kuhukumu haraka

Kwa ugonjwa wa Marfan, daktari anatazama mambo mengi kwa pamoja. Je, mtu akinyoosha mikono yote miwili, upana wake unapita urefu wa mwili? Je, akikunja ngumi na kufunika kidole gumba ndani, ncha ya gumba inatokeza upande wa pili? Je, kifua kimebonyea au kimetokeza mbele? Je, mgongo umepinda? Je, lenzi ya jicho imehama mahali pake? Je, kuna mtu katika jamaa aliyekufa ghafla kwa kupasuka mshipa mkubwa wa damu?

Kwa ugonjwa wa Ehlers-Danlos wanatazama ulegevu wa viungo: kidole kidogo cha mkono kinachokunjika nyuma kupita pembe mraba, gumba linalofika kwenye mkono chini ya kiwiko, kiwiko na goti vinavyopinda kwenda nyuma, viganja vinavyogusa chini bila kukunja magoti.

Hapa tunaomba muangalie sana. Urefu peke yake si ugonjwa. Wako watu wengi kwetu walio warefu na wembamba nao ni wazima kabisa. Hata vipimo vya wataalamu, ule mwongozo uliorekebishwa mwaka 2010, haviwapimi watu weusi na weupe kwa kiasi kimoja katika kulinganisha urefu wa kiwiliwili na wa miguu, kwa sababu maumbile yetu ya kawaida yana miguu mirefu zaidi. Vile vile watoto wengi wana viungo vyepesi, na hupungua kadiri wanavyokua. Basi tusimwite mtu mgonjwa kwa kumtazama tu anapopita. Dalili zikiwa nyingi kwa mtu mmoja, au zikirudi kwa ndugu kadhaa wa nyumba moja, ndipo inafaa kwenda kupimwa.

Kwa nini koo linajifunga

Tunapolala, misuli ya koo inalegea. Kwa mtu mzima wa afya njia ya hewa inabaki wazi, kwa sababu kuta zake zina ukakamavu wa kutosha. Mtu ambaye nyuzi zake ni dhaifu ana koo lenye kuta laini. Anapovuta hewa, kuta zinavutwa ndani na kukutana, kama mrija laini unaojibana ukinyonya kwa nguvu.

Kuna sababu nyingine pia. Watu wengi wenye ugonjwa wa Marfan wana kaakaa lililopanda juu sana na kuwa jembamba, na meno yaliyosongamana. Kaakaa la kinywa ndilo sakafu ya pua. Likiwa jembamba, pua nayo inakosa nafasi. Tena taya la chini linaweza kuwa dogo na kurudi nyuma, na ulimi unasukumwa upande wa koo. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa mwembamba kama mti wa mwanzi, lakini usiku koo lake likajifunga mara nyingi kila saa.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1993 watafiti wa Sydney, Peter Cistulli na Colin Sullivan, waliripoti kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa wazima wa Marfan waliowachunguza usiku walikuwa na apnea ya usingizi. Na mwaka 2017 watafiti wa Zurich, nchini Uswisi, walilinganisha watu wazima 100 wenye ugonjwa wa Ehlers-Danlos na wengine 100 wasio nao, wanaofanana kwa umri, jinsia na uzito. Katika kundi la kwanza 32 kwa mia walikuwa na apnea. Katika kundi la pili, 6 kwa mia. Wale wenye apnea walisinzia zaidi mchana, na maisha yao yalikuwa mazito zaidi.

Hatari haiko kwenye usingizi peke yake

Kila mtu asiyelala vizuri anachoka, na uchovu huo una hatari zake. Motari anayesinzia akiwa amebeba abiria anaweza kuua watu wawili kwa dakika moja. Mwanafunzi anashindwa shuleni. Mama anaangusha mtoto.

Lakini kwa wenye ugonjwa wa Marfan kuna hatari nyingine. Mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, unaoitwa aota, una ukuta dhaifu. Unaweza kupanuka polepole kwa miaka, kisha ukachanika ghafla. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya vifo vya mapema katika ugonjwa huu, na ndiyo sababu wagonjwa wanapewa dawa za kutuliza moyo na presha, na kupimwa aota kwa ekografia ya moyo mara kwa mara.

Sasa fikirini kinachotokea usiku. Koo limefunga, lakini kifua kinazidi kuvuta. Mvuto huo unaugusa hata ukuta wa aota, unaunyoosha kwa nje. Hewa ya oksijeni inapungua katika damu. Kisha mtu anashtuka, na presha inaruka juu ghafla. Kama hayo yanatokea mara 20 au 30 kwa saa, kila usiku, mwaka baada ya mwaka, ukuta dhaifu hausaidiwi. Watafiti hawajathibitisha kwamba kutibu apnea kunazuia aota kupanuka. Lakini hakuna daktari anayependa kuona aota dhaifu ikipigwa hivyo kila usiku, hali inaweza kutibiwa.

Maswali ya kawaida yanavyowapita

Ili kujua nani apelekwe kwenye kipimo cha usingizi, hospitali nyingi duniani hutumia orodha ya maswali 8 iliyotengenezwa Toronto, nchini Kanada, na kutangazwa mwaka 2008. Inauliza hivi: Je, unakoroma kwa sauti? Unachoka au kusinzia mchana? Kuna mtu aliyekuona ukikatika pumzi? Una presha ya damu? Unene wako unapita kiwango cha 35? Una zaidi ya miaka 50? Mzunguko wa shingo unapita sentimita 40? Wewe ni mwanaume? Kila ndiyo ni alama moja. Mwenye alama 0 hadi 2 anahesabiwa kuwa na hatari ndogo.

Ni orodha nzuri, nayo imesaidia wengi. Lakini tumfikirie dada mmoja wa kwaya, mwenye miaka 24, mwembamba, mwenye ugonjwa wa Marfan. Si mnene: sifuri. Hajafika miaka 50: sifuri. Shingo yake ni nyembamba: sifuri. Ni mwanamke: sifuri. Presha? Tayari anakunywa dawa ya kulinda aota, kwa hiyo kipimo kinaonyesha presha nzuri, na muuguzi anaandika sifuri. Maswali matano kati ya manane yamekwisha bila alama hata moja.

Yanabaki matatu. Kama analala peke yake, hawezi kujua kama anakoroma wala kama pumzi inakatika. Inabaki alama moja tu, ya uchovu. Karatasi inasema hatari ni ndogo, naye anarudi nyumbani.

Na hata huo uchovu unapewa majina mengine. Watasema ni dawa ya moyo, kwa maana ni kweli dawa hizo huweza kuchosha. Watasema ni maumivu ya viungo. Watasema ana huzuni. Wazee wa kanisa wanaomwona anasinzia wakati wa mahubiri watasema hapendi Neno. Kila maelezo yana sehemu ya ukweli au yanaonekana kuwa nayo, na kwa sababu hiyo hakuna anayeuliza juu ya usiku.

Basi neno letu kuu ni hili: kwa mtu mwenye ugonjwa wa kurithi wa nyuzi za mwili, alama ndogo kwenye orodha isifunge mlango. Kukoroma, kukatika pumzi na uchovu wa mchana vinatosha kumpeleka kwa daktari, hata kama ni kimoja tu, hata kama ni mwembamba, hata kama ni kijana.

Anayejua ni yule mnayelala naye

Kwetu watu wengi hawalali peke yao. Watoto wanalala wengi chumba kimoja, dada na dada, bibi na wajukuu. Mara nyingi tunaona hiyo kuwa shida. Katika jambo hili ni msaada mkubwa, kwa kuwa shahidi yuko karibu.

Tunapendekeza hivi. Kwa siku tatu, mtu mmoja wa nyumbani amsikilize mgonjwa kwa saa moja baada ya kushikwa na usingizi, na saa moja nyingine karibu na alfajiri, ikiwezekana. Asikilize kukoroma, kimya cha ghafla, na kushtuka. Kimya cha sekunde 10 au zaidi, huku kifua kikihangaika, kinahesabiwa kuwa pumzi iliyokatika. Aandike katika daftari: tarehe, saa, mara ngapi, amelala chali au ubavu. Kama kuna simu yenye kamera, na mgonjwa amekubali, achukue video ya dakika chache. Video hiyo inamsaidia daktari kuliko maelezo marefu.

Mgonjwa naye aandike: ameamka na kichwa kinachouma? Ameamka mara ngapi kwenda kukojoa? Amesinzia wapi mchana? Kuna orodha nyingine, ya daktari Murray Johns wa Melbourne, ya mwaka 1991, inayotaja hali 8 za kawaida kama kukaa na kusoma, kusafiri ndani ya gari kama abiria, au kukaa kimya baada ya kula. Kila hali inapewa 0 hadi 3 kulingana na uwezekano wa kusinzia. Jumla ikipita 10, usingizi wa mchana umezidi.

Kwa watoto dalili ni tofauti kidogo. Mtoto anaweza asisinzie, bali awe mtundu na asiyetulia, ashindwe kushika masomo, akojoe kitandani baada ya kuwa ameacha, alale na kinywa wazi na shingo imekunjwa nyuma. Kwa watoto tonsili kubwa huongeza shida, na daktari azitazame.

Kipimo ni namna gani

Kipimo kamili kinafanywa usiku mzima. Mtu analala akiwa amefungwa nyaya zinazopima ubongo, pumzi, kifua, moyo na oksijeni. Asubuhi wanahesabu ni mara ngapi kwa saa pumzi ilikatika au ilipungua. Kwa mtu mzima, mara 5 hadi 15 kwa saa ni apnea ndogo, 15 hadi 30 ni ya katikati, na 30 kupanda juu ni kali. Kuna vifaa vidogo pia ambavyo mtu anakwenda kulala navyo nyumbani.

Si kila hospitali ina kipimo hicho, nacho kina gharama. Lakini kuna kifaa kidogo cha kubana kidole kinachopima oksijeni, ambacho wengi walikijua wakati wa Covid. Aina inayoweka kumbukumbu ya usiku mzima inaweza kuonyesha oksijeni ikishuka na kupanda mara nyingi. Ile inayoonyesha namba za dakika hiyo tu haitoshi, maana mtu akiwa macho namba zake ni nzuri.

Tujue mipaka yake miwili. Kwanza, mtu mwembamba mwenye mapafu mazuri anaweza kushtuka mara nyingi kabla oksijeni haijashuka sana. Kipimo cha kidole kikiwa safi, bado hakimwondolei shaka mwenye dalili. Pili, kifaa hiki kinaweza kudanganya kwenye ngozi nyeusi. Mwaka 2020 watafiti wa Michigan, Marekani, walionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kifaa kilikosa kuona upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Kwa hiyo tusikiamini kuliko macho ya anayelala kando ya mgonjwa.

Tiba ipo

Tiba inayojulikana zaidi ni mashine ndogo inayosukuma hewa kupitia kifuniko cha puani, ili koo lisijifunge. Ilibuniwa na huyo huyo Colin Sullivan wa Sydney, na ikatangazwa mwaka 1981. Inahitaji umeme usiku kucha. Mahali ambapo umeme unakatika, betri nzuri yenye sahani za jua inaweza kusaidia. Mwenye ugonjwa wa Marfan amkumbushe daktari juu ya mapafu yake, kwa sababu watu hawa hupatwa kwa urahisi zaidi na pafu kutoboka na kuvuja hewa, na msukumo wa mashine upangwe kwa uangalifu.

Lakini hata kabla ya mashine, kuna mambo ambayo kila nyumba inaweza kuanza:

Kulala ubavu badala ya chali. Wenye viungo vinavyoteguka waweke mto chini ya mkono na kati ya magoti, ili bega na nyonga visivutwe.

Kuinua upande wa kichwa wa kitanda kidogo.

Kutibu pua iliyoziba.

Kuacha pombe, na kutokunywa vidonge vya usingizi au dawa kali za maumivu kama tramadoli bila daktari kujua habari ya pumzi. Dawa hizo zinalegeza koo na kupunguza nguvu ya kupumua. Wenye Ehlers-Danlos wana maumivu mengi, na wengi wanazitafuta sokoni. Hapo pana hatari.

Daktari wa meno naye anaweza kusaidia, kwa kupanua kaakaa la mtoto anayekua, au kwa kifaa cha kusogeza taya la chini mbele wakati wa kulala. Wenye taya linaloteguka waseme mapema.

Na hili msilisahau: kabla ya upasuaji wowote, mwambieni mtaalamu wa nusukaputi mambo mawili, kwamba mgonjwa ana udhaifu wa nyuzi za mwili, na kwamba pumzi inakatika usiku. Wasipojua, saa za kwanza baada ya upasuaji zinaweza kuwa mbaya. Mama mjamzito mwenye ugonjwa wa Marfan naye aseme yote mawili tangu kliniki ya kwanza, kwa sababu mimba inailemea aota.

Tena, mwenye Marfan akishikwa ghafla na maumivu makali ya kifua au ya mgongo, kama kitu kinachochanika, au akikosa pumzi ghafla, asingoje asubuhi. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Juu ya kukabwa usiku

Tumalizie na jambo ambalo husemwa kwa sauti ya chini. Mtu anayeamka akihangaika kutafuta pumzi mara nyingi anaambiwa kwamba amekabwa na nguvu za giza. Kama katika jamaa hiyo hiyo wengine nao wanakabwa, na mmoja alikufa ghafla akiwa kijana, watu wanaanza kumtafuta mwenye kosa. Macho yanamwangukia bibi mzee, au mtoto mwenye umbo lisilo la kawaida. Tumeona mahali petu jinsi neno kama hilo linavyoweza kuvunja nyumba.

Ugonjwa unaorithiwa unapita katika jamaa moja kwa sababu ni wa damu, na usiku unakaba kwa sababu koo limelegea. Hakuna aliyetuma. Tunapomwombea mgonjwa, na tumwombee, tumpeleke pia kwenye kipimo. Mchungaji au mzee wa kanisa anayeitwa usiku kwa mtu wa namna hiyo anaweza kuuliza maswali mawili tu: anakoroma na kunyamaza? Na kuna wengine katika ukoo walio na viungo au umbo kama lake? Majibu hayo ayaandike kwenye karatasi, na karatasi hiyo iende kwa daktari pamoja na mgonjwa.

Yule dada wa kwaya hana haja ya kukemewa anaposinzia. Anahitaji mtu mmoja wa kumsikiliza akiwa amelala, na mwingine wa kumsindikiza hospitali. Hayo yote yako mikononi mwetu.